Wimbo wa Zamani Upi?

Siku yangu ya kwanza kazini bosi alinipa spika nibebe, na kabla sijafika nayo kwenye gari akaniita niirudishe chini. Nilikuwa nimeishika kwa mbele, vidole vimezama kwenye kile kitambaa chepesi kinachofunika koni, lile bakuli la ndani linalotoa sauti.

"Huo ni uso wake," akasema. "Wewe ukibeba mtu unamshika uso?"

Alisema kwa Kiswahili cha Kisumu. Mimi nilikuwa nimetoka Bukavu, nina mwaka mzima London nikisafisha vyoo vya maofisi, na hakuna bosi aliyewahi kunigombeza kwa lugha ninayoielewa. Nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

Huyo alikuwa Bwana Jayanti, Mhindi mwenye duka Kenton, mtaa wa London, anayekodisha vyombo vya sauti, viti na mataa kwa arusi na mikutano. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hiyo msitegemee niandike kama mwalimu. Naandika kwa sababu vijana wetu waliozaliwa hapa, wanaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, wanadhani muziki hutoka kwenye simu. Na pia kuna watu nataka kuwataja kwa majina, maana mpaka leo wanapita barabarani vifua mbele.

Kazi ya fundi sauti miaka ya tisini ilikuwa ya mgongo kwanza, masikio baadaye. Unapakua spika, unatandaza waya, unazibandika sakafuni kwa gafa, ule utepe mpana wa kitambaa, ili mama mwenye kiatu kirefu asijikwae akaangusha jukwaa zima. Kisha unaunganisha amplifaya, mashine inayotia nguvu kwenye sauti, na mixa, ile meza ya vitufe ya kupimia kila kipaza. Kipaza kikisikia sauti yake chenyewe ikirudi kutoka kwenye spika, kinapiga mluzi wa kutoboa kichwa. Asiyejua hukimbilia kupunguza sauti. Anayejua anasogeza spika mbele ya msemaji, basi.

Wateja wetu wengi walikuwa vyama vya watu wa nchi fulani walioko Uingereza, na vyama hivyo havianzi sherehe bila wimbo wa taifa. Dukani kulikuwa na droo imejaa kaseti za nyimbo hizo, kila kaseti wimbo mmoja, upande wa pili mtupu, ili fundi asikosee upande. Mwanzoni mwa kaseti kuna kipande cheupe cha utepe kisichoshika sauti. Ukibonyeza kitufe kipande hicho hakijapita, watu wote wanasimama, wananyoosha mikono, na hakuna kinachotokea. Dakika hiyo ni ndefu sana. Kwa hiyo kabla ya shughuli unatia kalamu kwenye tundu la kaseti, unazungusha taratibu mpaka kipande cheupe kiishe, ndipo unaiweka.

Sheria ya Bwana Jayanti ilikuwa moja tu. "Wimbo wa taifa haukatwi. Ukianza, uache uishe."

"Na moto ukiwaka, bosi?"

"Moto ukiwaka, subiri ubeti uishe."

Alinihadithia kwamba utotoni kwake, sinema ikiisha Kisumu, wimbo wa Waingereza ulipigwa, na anayetoka kabla haujaisha alichapwa kofi na polisi mlangoni. Uhuru ukaja, wimbo ukabadilika. "Polisi alibaki yule yule," akasema. "Kofi pia."

Nilifanya naye kazi miaka mitatu bila doa. Halafu, mwaka 1997, utawala ukaanguka kwetu.

Lazima nieleze hapa, maana bila hilo hamtaelewa kilichonipata. Nchi yetu ilipopata uhuru ilikuwa na wimbo wake, na sisi watoto wa wakati ule tuliuimba shuleni kila asubuhi. Baadaye nchi ikabatizwa jina jipya, Zaire, ikapewa na wimbo mwingine. Huo ukaimbwa miaka zaidi ya ishirini na mitano, vijana wote wakakua nao. Wakubwa wapya walioingia mwaka 1997 wakarudisha jina la Kongo, na wakarudisha ule wimbo wa uhuru. Hawakuita watunzi, hawakuitisha mashindano. Walitangaza redioni tu. Kwa hiyo wimbo mpya wa taifa ulikuwa wa zamani. Na ule tuliouzoea, ulioondolewa, nao tangu siku hiyo ukawa wa zamani.

Sisi watu wa mashariki tuliokuwa London tulikuwa na chama, tukikiita Kamati ya Undugu, tukikutana chumba cha nyuma cha kanisa moja Thornton Heath. Mwenyekiti, tuliyemwita Prezida, alikuwa Kasongo. Nyumbani alikuwa mkaguzi wa forodha, hapa alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari, lakini sauti ya forodha hakuiacha. Makamu wake alikuwa Ilunga, ambaye enzi ya Zaire kazi yake ilikuwa kupanga watu wacheze na kuimba wakubwa wanaposhuka ndege. Utawala ule ulimlisha vizuri na hakuficha kwamba anaulilia.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Mdogo wangu, Murhula, alikuwa mekanika katika jeshi la Zaire. Alitengeneza malori. Sidhani aliwahi kufyatua risasi zaidi ya zile za mafunzo. Jeshi liliposambaratika wakubwa wapya wakamkusanya pamoja na wengine, wakapelekwa kambini kufundishwa upya, ndivyo walivyoita. Mke wake, Nabintu, alinipigia simu kutoka Bukavu analia: huko kambini wanakufa kwa kuhara, dawa hakuna, na anayetoka ni yule aliyeombewa na mtu mkubwa.

Basi ikatangazwa kwamba mjumbe wa serikali mpya anapita London na atakuja kwenye sherehe yetu. Kasongo, ambaye nilishampa karatasi yenye jina la Murhula, kambi na cheo chake, akanivuta pembeni.

"Fundi, mambo ya mdogo wako niko nayo hapa," akagonga mfuko wa koti. "Mjumbe nitakaa naye meza moja. Nitamwambia, huyu ni mtoto wetu, mekanika, hana siasa. Neno moja tu na anatoka."

Nikamshika mikono yote miwili. Siku hizo kila nikilala nilimwota Murhula akishuka kwenye lori.

Kikao cha kuandaa sherehe kilikuwa cha moto. Ajenda ya vyakula ilipita, ya viti ikapita, tukafika kwenye wimbo. Ilunga akasimama.

"Mimi sitasimama kwa wimbo wa watu walioingia jana na mabuti ya mvua."

"Weye Ilunga," akadakia mama mmoja, "ule wako uliucheza mpaka viatu vikatoboka. Haujakuchosha?"

Watu wakacheka, wengine wakakasirika. Upande wa Ilunga ulikuwa mkubwa, nusu ya chumba au zaidi. Vijana hawakujua wimbo mwingine. Upande wa pili wakasema mgeni ni wa serikali, atapigiwaje wimbo uliofutwa? Viti vikaanza kusukumwa. Ndipo Kasongo akainua mikono kama padri.

"Ndugu zangu, kwa nini tugombane mbele ya mgeni? Sisi ni watu wa heshima. Tupige wimbo wa zamani."

Chumba kizima kikapiga makofi. Ilunga alipiga makofi. Yule mama alipiga makofi. Kura ikapigwa kwa kuinua mikono, hakuna aliyepinga. Sijawahi kuona Wakongo wakikubaliana upesi namna ile. Nikainua mkono wangu.

"Prezida, wa zamani upi?"

Kasongo alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Fundi, kikao kimekwisha."

Siku ya pili akaja dukani Kenton na kaseti. Juu yake kumeandikwa kwa kalamu nyekundu: Wimbo wa zamani. Kesho yake akaja Ilunga na kaseti yake. Kwa kalamu ya bluu: Wimbo wa zamani. Niliziweka zote mbili kwenye mashine. Ya Kasongo ilikuwa ule wa uhuru. Ya Ilunga, ule wa Zaire. Bwana Jayanti alisikiliza zote mbili ameinamisha kichwa.

"Hii nchi yenu," akaniuliza, "ina zamani ngapi?"

Nilimpigia Kasongo simu. Nikamwambia, "Prezida, nataka nisikie kwa mdomo wako. Nipige hii uliyoniletea, ule wa uhuru?"

"Nilikuletea nini?"

"Kaseti."

"Basi si unayo?"

"Nayo. Lakini Ilunga ameleta yake, na yeye anasema—"

"Fundi, weye ni mtu mzima. Kamati imeamua, wimbo wa zamani. Usinitoe maneno mdomoni."

"Nikikosea je?"

"Mdogo wako anatoka au hatoki?" akasema, na akakata.

Nilielewa vizuri. Alitaka wimbo upigwe bila yeye kuutaja. Ukipendeza ni wake, ukichukiza ni wa fundi. Bwana Jayanti alinishauri nikatae kazi. Ningekataa kama ingekuwa arusi au ubatizo. Lakini ningekataaje, na neno la Murhula liko kwenye koti la yule mtu?

Siku ya sherehe ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa kuliko viti. Niliweka spika, nikabandika waya, nikazungusha kaseti ya Kasongo kwa kalamu mpaka kipande cheupe kikaisha. Niliamua hivi: aliyeleta kaseti hii ndiye Prezida, ndiye mteja, na mgeni ni wa serikali iliyourudisha wimbo huo. Fundi hana njia nyingine ya kuamua. Ilunga akaja kwenye meza yangu amevaa suti ya kijivu, ananukia marashi.

"Umeweka yangu?"

"Nimeweka ya Prezida."

"Prezida alisema ya zamani. Yangu ndiyo ya zamani."

"Nenda mkaelewane, mje mniambie."

Alitazama mixa, akatazama waya, akafuata kwa macho mpaka ulipoingia ukutani. Nilimwona. Akaondoka.

Mjumbe akaingia. Mtu mfupi, mpole, koti kubwa, anasalimia kila mmoja kwa mikono miwili. Kasongo alitembea nyuma yake akicheka na hewa. Walipofika meza ya mbele, Kasongo akaniangalia na kunipa ishara ya kuanza. Nikabonyeza.

Wimbo ulitoka safi, bendi ya tarumbeta. Wazee wachache walianza kuimba, maneno yanarudi taratibu, wanatazamana kama watu wanaokutana baada ya safari. Mjumbe alisimama wima. Mimi mwenyewe nilikuwa naimba chini chini. Halafu upande wa kushoto wakaanza kuimba ule mwingine, juu ya tarumbeta, kwa nguvu. Wengine wakaketi chini na kugeuza viti. Mtu akapiga filimbi. Nikaongeza sauti kidogo, maana hilo ndilo fundi anaweza kufanya. Nikaangalia ukutani, nikamwona Ilunga ameinama, suti yake ya kijivu imekunjamana mgongoni. Alivuta plagi.

Spika zilitoa mshindo mmoja, zikanyamaza. Wimbo wa nchi ulikatika katikati ya mstari, na ukumbi ukabaki na wale wa kushoto tu, wakiimba wimbo uliofutwa mbele ya uso wa mjumbe. Nao waliposikia sauti zao wenyewe waliogopa, wakanyamaza mmoja mmoja.

Mjumbe alimgeukia Kasongo na kumngoja.

Kasongo alikuwa ameona. Alikuwa amekaa akielekea ukuta ule ule, na Ilunga bado alikuwa na plagi mkononi. Lakini Ilunga alikuwa na nusu ya ukumbi nyuma yake, na uchaguzi wa Kamati ulikuwa karibu. Mimi nilikuwa na nani?

"Mheshimiwa, tunaomba msamaha," akasema Kasongo. "Ni fundi. Fundi amekata wimbo."

"Prezida!" nikaita.

"Kaka wa askari wa zamani," akaendelea, bila kunitazama. "Wako watu wa namna hiyo, moyo wao bado uko kule. Tumemvumilia."

Mjumbe alikuja mpaka kwenye meza yangu. Aliongea polepole, kwa heshima, na hilo ndilo lililonitisha.

"Jina lako, papa?" akauliza, yaani baba.

Nikamwambia.

"Na huyo ndugu yako, yuko wapi?"

Nilitaka kumweleza kuhusu plagi, kuhusu kaseti mbili, kuhusu malori. Kasongo akaniwahi, akajibu kwa niaba yangu. Alitaja jina la Murhula, akataja kambi. Alitaja hata cheo chake. Yale yote niliyompa ili amwombee mdogo wangu, aliyatoa pale ili kujiokoa yeye. Mjumbe akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake, na sherehe ikaendelea. Wali uliletwa. Niliwashia muziki wa kucheza, kwa sababu nilikuwa kazini.

Watu zaidi ya mia walikuwa ukumbini. Hakuna aliyesimama kusema alichoona. Mama yule aliyemtania Ilunga kikaoni aliniletea sahani ya chakula, akaiweka, akaondoka haraka. Bwana Jayanti alipokuja na gari kuchukua vyombo, nilimweleza huku tukikunja waya. Alikaa kwenye spika, jambo alilotukataza sisi sote.

"Ungepiga wa India," akasema mwishowe. "Wote wangekasirika sawa sawa."

Kisha akaniomba radhi kwa huo utani, akanipeleka kwa gari mpaka nyumbani.

Wiki kadhaa baadaye Nabintu akapiga simu. Kundi limeachiliwa. Mekanika wenzake wote wa kikosi chao wametoka, kwa sababu malori ya serikali mpya nayo yanaharibika. Murhula hakutoka. Aliyekuwa akiita majina alimruka, na Murhula alipouliza akaambiwa uamuzi wake unasubiri kwa wakubwa. Kabla mvua hazijaisha alikufa kwa kuhara. Mmoja wa waliotoka alimletea Nabintu kofia yake. Alimwambia kwamba kambini kila asubuhi walilazimishwa kuimba ule wimbo wa uhuru, na wengi hawakuujua, walikuwa wakipigwa kwa kubabaika. Murhula aliujua. Aliusoma shuleni kama mimi. Walimweka mbele awafundishe wenzake.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba siwezi kuthibitisha. Labda angebakizwa kambini hata kama wimbo ungefika mwisho. Labda mjumbe alisahau kabla ya kupanda ndege. Sawa. Mimi nasema nilichokiona. Ilunga alivuta plagi. Kasongo alimwona na akanitaja mimi, na aliyetajwa nyuma yangu alikufa. Hayo majina mawili nayaandika hapa kwa herufi zinazosomeka.

Kwenye Kamati sikurudi. Kazi niliendelea nayo. Bwana Jayanti alifunga duka miguu ilipomshinda, nikaajiriwa kwenye hoteli moja ya mikutano, chini ya supavaiza Mwingereza ambaye hakuniita jina, aliniita "sauti". Kaseti zikaenda, sidii zikaja, kisha kompyuta. Hakuna tena kalamu wala kipande cheupe. Nimepiga nyimbo za nchi nyingi, kwenye michezo, kwenye karamu, kwenye mikutano ya wafanyabiashara. Supavaiza alidhani nina wazimu kwa sababu nilisimama ukutani, mgongo kwenye soketi, kila wimbo mpaka uishe.

"Unalinda nini pale?" aliniuliza mara moja.

"Umeme," nikamwambia. Hakuuliza tena.

Masikio ndiyo yaliyonistaafisha. Daktari alisema ule mluzi ninaousikia hautoki nje, uko ndani na utabaki. Mzee wa kweli sijawa, lakini kazi ya sauti haimtaki mtu anayesikia mluzi ambao haupo.

Mwaka uliofuata nilimkuta Kasongo kwenye duka la vyakula, barabara kuu ya Thornton Heath. Nilikuwa nanunua sombe, majani ya muhogo. Amenenepa, ana fimbo. Alinikumbatia kabla sijarudi nyuma.

"Fundi! Uko wapi siku zote? Unajua, ule wimbo uliopiga, njo huo huo wa taifa mpaka leo. Ulikuwa na haki! Nawaambia watu, fundi wetu alikuwa na haki."

"Uliwaambia siku ile?"

"Ah, fundi. Yale yalikuwa siasa. Ilunga alikuwa na watu wengi." Akaniwekea mkono begani. "Na ndugu yako, alitoka salama? Yule mekanika. Alikuwa anaitwa nani vile?"

Mwenye duka alikuwa anangoja nilipe. Nilimtazama Kasongo usoni muda mrefu, mpaka mkono wake ukatoka begani wenyewe. Alikuwa anangoja jibu kweli. Hakuwa anajifanya. Jina alilolitoa mbele ya ukumbi mzima, pamoja na kambi na cheo, lilikuwa limemtoka kichwani.

Sikumtajia. Ninyi nimewatajia, vijana, ili mjue kwamba kamati ya watu wazima inaweza kuchagua wimbo wa nchi kwa makofi, pasiwepo hata mmoja aliyekubali kuutaja. Aliitwa Murhula, alikuwa na mke na mabinti wawili, na malori aliyoyatengeneza yalipanda milima. Kasongo akitaka kulijua jina lake, na asome hapa.